Kutuma, Kutoa na Kupa: Zawadi ya Kielektroniki Hukamilika Wapi?

Swali ninalotaka kulijadili katika insha hii linaonekana dogo. Mtu aliye ng'ambo anapomtumia ndugu yake simu au kompyuta, zawadi hiyo hukamilika lini? Je, hukamilika pale mtumaji anapolipia kifurushi na kupewa risiti? Hukamilika kifurushi kinapomfikia mwenyewe? Au kuna jambo jingine ambalo lisipotendeka, kilichofika mkononi ni kitu tu, wala si zawadi?

Nalijadili kwa sababu hapa Uganda linatugusa karibu sote. Wale wanaofanya kazi nchi za mbali tunawaita watu wa kyeyo. Kyeyo kwa Kiganda ni ufagio, na jina hilo linatukumbusha kwamba wengi wao walianza maisha ya ugenini kwa kufagia na kusafisha majengo ya wengine. Wako London, wako Waltham karibu na Boston, wako Dubai na Riyadh. Katika bweni ninaloishi ni vigumu kukuta chumba kisicho na kitu kilichotoka kwa mtu wa kyeyo. Kompyuta ninayoandikia insha hii ilitumwa na mjomba wangu. Kwa hiyo siandiki kama mtu anayetazama jambo kwa mbali. Naandika kama mpokeaji, na najua kwamba mpokeaji anayehoji zawadi huonekana mtovu wa shukrani. Lawama hiyo nitaijibu mbele.

Hoja yangu naianza na lugha yenyewe. Kiswahili kina vitenzi vitatu ambavyo tunavitumia kwa zawadi kana kwamba ni kimoja: kutuma, kutoa na kupa. Kutuma ni kukiondoa kitu mahali pamoja ili kiende pengine. Mtu hutuma barua, hutuma mtoto dukani, hutuma hata matusi. Kutoa ni kukitenga kitu na nafsi yako, na ndiyo maana mwalimu wa hesabu alitufundisha kusema saba toa tatu. Anayetoa hupungukiwa. Kitenzi cha tatu ndicho cha ajabu zaidi. Waweza kusema "nimetuma" ukanyamaza, waweza kusema "nimetoa" ukanyamaza, na sentensi ikasimama. Huwezi kusema "nimepa". Sarufi itakukatalia. Ni lazima useme nimempa, nimekupa, nimewapa. Kitenzi hiki hakitembei bila mpokeaji kuwamo ndani yake.

Sidai kwamba sarufi inathibitisha maadili. Wapo watu wengi duniani ambao lugha zao hazina kanuni hii na bado wanajua kupeana. Ninachodai ni kwamba vitenzi hivi vitatu vinatusaidia kuona jambo ambalo vinginevyo lingetupita: zawadi ya kielektroniki inaweza kutumwa bila kutolewa, na inaweza kutolewa bila mtu kupewa. Nitavichukua kimoja kimoja.

Nianze na kutuma. Kifurushi cha bidhaa kinachovuka mpaka kwa njia ya posta huambatana na fomu ya forodha. Mfumo huu unasimamiwa na Umoja wa Posta Duniani, ambao chanzo chake ni mkataba uliotiwa saini mjini Bern, Uswisi, mwaka 1874. Katika fomu hizo, zijulikanazo kama CN 22 na CN 23, mtumaji huweka alama kuonyesha kama kilichomo ni zawadi au bidhaa ya kuuzwa, huandika ni kitu gani, uzito wake na thamani yake, kisha hutia saini. Saini hiyo ni ushahidi. Mtu anasema mbele ya nchi mbili: haya niliyoandika ni kweli.

Hapa ndipo watu wema wengi husema uongo wao wa kwanza. Simu iliyonunuliwa kwa dola 300 huandikwa dola 20. Sababu inajulikana. Katika Jumuiya ya Afrika Mashariki thamani ya forodha huhesabiwa kwa kujumlisha bei ya kitu, bima na nauli ya kukileta, na hapa Uganda kodi ya ongezeko la thamani ni asilimia 18. Mtumaji hujiambia kwamba anamwokoa ndugu yake. Tena hujiambia kwamba hii si biashara, na kwamba serikali ambayo haikuchangia hata shilingi katika kuinunua simu haina haki ya kudai fungu.

Hoja hiyo ya mwisho siidharau. Sheria za nchi kadhaa zinatambua kwamba zawadi si bidhaa. Zawadi inayoingia Uingereza ikiwa na thamani isiyozidi pauni 39 haitozwi kodi ya ongezeko la thamani mpakani, na katika Umoja wa Ulaya kiwango cha zawadi kati ya mtu na mtu ni yuro 45. Lakini viwango hivyo vinatosha vitabu na skafu, havitoshi simu. Anayeona kwamba sheria inawaonea maskini anaweza kuipinga waziwazi, bungeni, magazetini na madarasani. Kutia saini uongo si kuipinga sheria. Ni kuikwepa kimyakimya na kuiacha imsubiri mwingine.

Na huyo mwingine ni nani? Aliyetia saini yuko Waltham, amelala. Anayeitwa kwenye dawati la forodha mjini Kampala ni mpokeaji. Ni yeye anayefunguliwa kifurushi mbele ya macho yake, anayeonyeshwa bei ya simu ileile kwenye intaneti, anayeulizwa kwa nini karatasi inasema dola 20. Hakuandika, hakutia saini, pengine hata hakujua kilichoandikwa. Sasa ana njia tatu: kukana asilolijua, kutetea uongo wa ndugu yake, au kutoa kitu kidogo ili yaishe. Hata ile njia isiyo na aibu, ya kulipa kodi yote na faini juu yake, hana pesa zake, maana kama angekuwa nazo asingetumiwa simu. Tena kifurushi kikipotea njiani, anayedai fidia huulizwa thamani iliyoandikwa kwenye fomu, si thamani iliyolipwa dukani. Huo ni uongo wa huruma ambao gharama yake inalipwa na anayehurumiwa.

Yupo pia mtu wa tatu, ambaye mtumaji na mpokeaji hawamjui. Betri za lithiamu zilizomo katika simu na kompyuta zinaweza kuwaka, na moto wake ni mgumu kuzima. Kwa sababu hiyo kanuni za posta za kimataifa zinaruhusu betri hizo kwa masharti tu, zikiwa zimefungwa ndani ya kifaa chenyewe na kwa idadi ndogo. Betri ya akiba iliyo peke yake, au ile ya kuchajia simu safarini ambayo wengi huiita pawabanki, hairuhusiwi kwenye vifurushi vya kawaida. Hata hivyo watu huivingirisha ndani ya soksi na kuandika kwenye fomu "nguo". Mnamo 3 Septemba 2010 ndege ya mizigo ya UPS aina ya Boeing 747 iliruka kutoka Dubai kwenda Cologne, Ujerumani. Moto ukazuka kwenye mizigo, moshi ukajaa chumba cha marubani, na ndege ikaanguka ilipokuwa ikijaribu kurudi. Marubani wote 2 walikufa. Uchunguzi ulionyesha kwamba ndani yake mlikuwa na shehena za betri za lithiamu, na kwamba baadhi yake hazikuwa zimetangazwa kama mzigo wa hatari ilivyopasa. Ile ilikuwa mizigo ya biashara, si zawadi za ndugu. Lakini moto hauulizi nia ya aliyefunga boksi.

Kutuma vizuri, basi, ni kubeba mwenyewe mzigo wa kutuma. Mtumaji huandika kweli, huuliza mapema kodi itakuwa kiasi gani, na akiweza hutuma pesa za kodi pamoja na kifaa. Asipoweza, hununua kifaa cha bei ndogo zaidi. Simu ya dola 150 iliyolipiwa kila kitu ni zawadi kubwa kuliko simu ya dola 300 inayomwita mpokeaji kwenye deni.

Nije kwenye kutoa. Zamani jambo hili lilikuwa rahisi. Aliyemtumia baba yake redio miaka ya sabini hakuwa na namna ya kuendelea kuishika redio hiyo. Ikishavuka bahari, imevuka. Baba angeweza kuisikiliza, kuiuza, kuiazima au kuivunja, na mtoaji angesikia habari hizo kwa barua, kama angesikia. Kifaa cha leo hakiko hivyo. Tangu mwaka 2013 simu za Apple zina kufuli linaloifunga simu na akaunti ya mtu, na simu za Android zikafuata na kinga inayofanana na hiyo. Kusudi lake ni zuri, yaani simu iliyoibwa isimfae mwizi. Lakini kufuli halijui tofauti kati ya mwizi na mdogo wako. Linajua akaunti tu.

Mara nyingi mtumaji huiwasha simu kabla ya kuifunga kwenye boksi ili ahakikishe kwamba ni nzima. Simu humwomba akaunti, naye huingiza yake. Wengi hufanya hivyo bila nia yoyote, na simu humfikia mpokeaji ikiwa na bwana mwingine ndani yake. Wengine wana nia.

Rafiki yangu mmoja alitumiwa simu nzuri na kaka yake aliye katika nchi za Ghuba. Simu ilikuwa na akaunti ya kaka. Mwanzoni lilikuwa jambo la kuchekesha. Kaka alipiga simu siku ya Jumapili akamwuliza, "Naona uko Ntinda. Kanisa limehamia huko?" Baadaye halikuchekesha tena. Walikosana juu ya kiwanja cha familia kijijini, na asubuhi moja simu ikawa imefungwa, pamoja na namba za watu wake na picha za maelezo yote ya muhula. Alipoazima simu ya jirani na kuomba kwa unyenyekevu, "Kaka, tafadhali nifungulie," alijibiwa kwa swali: "Kwani simu ni ya nani?"

Naona swali hilo la kaka ndilo swali lenyewe la kifalsafa katika jambo hili lote. Simu ni ya nani? Kama alikuwa ametoa, jibu lilikuwa moja tu: ni ya mdogo wake, hata wakikosana, hata mdogo akiwa mkorofi, hata kama katika ugomvi wa kiwanja kaka ndiye mwenye haki. Kama hakuwa ametoa, basi siku ile ya furaha, simu ilipofika na mama akapiga vigelegele, hakuna kilichotolewa. Kilihamishwa tu. Saba toa tatu haiwezi kubaki saba.

Mfaransa Marcel Mauss, katika insha yake maarufu kuhusu zawadi iliyotoka mwaka 1925, alizungumzia imani ya Wamaori wa New Zealand kwamba kitu kinachotolewa hubaki na nguvu ya kiroho waiitayo hau, ambayo hutaka kurudi kilikotoka. Mauss aliitumia imani hiyo kueleza kwa nini zawadi humfunga mpokeaji na mtoaji, na kwa nini aliyepokea huhisi kwamba naye anapaswa kurudisha. Nilipoisoma habari hiyo niliifikiria simu ya rafiki yangu. Ndani yake roho ya mtoaji si suala la imani tena. Ina nywila, inaona mahali ulipo, na inaweza kufunga mlango. Lakini ipo tofauti kubwa. Kwa jinsi Mauss alivyoieleza, ile hau ilimfunga mpokeaji arudishe wema, na hivyo watu wakaendelea kupeana. Akaunti humfunga mpokeaji atii. Ya kwanza hujenga udugu wa pande mbili. Ya pili hujenga utawala, na utawala huo unakuja ndani ya karatasi ya kupendeza.

Lakini ni haki tumsikilize kaka pia. Mtu huyu anafanya kazi kwa saa nyingi kwenye joto ambalo sisi hatulijui. Anahesabu kila dirhamu. Amesikia habari za vijana waliotumiwa kompyuta za masomo wakaziuza wiki ileile ili walipie starehe. Je, hana haki ya kujua jasho lake linatumikaje? Kwa nini anayegharimia asiwe na sauti?

Nakubali kwamba ana sauti. Ninachokataa ni kwamba sauti na kufuli ni kitu kimoja. Mjomba wangu aliponitumia kompyuta aliniambia kwa simu, "Hii ni ya masomo, mwanangu, si ya filamu." Ni sharti, na ni sharti zito. Lakini ni sharti la maneno. Aliniachia nafasi ya kulitimiza na nafasi ya kulivunja, na kwa kuniachia nafasi zote mbili aliniacha niwe mtu. Nikisoma, ni mimi niliyekuwa mwaminifu. Nikitazama filamu usiku kucha, ni mimi niliyemwangusha, na aibu ni yangu. Aliyefungiwa kwa nywila hana uaminifu wala usaliti. Hawezi kusifiwa kwa kutofanya asichoweza kufanya. Mtoaji anayetaka mdogo wake awe mtu wa kuaminika, kisha akambakizia kufuli, anamnyima kitu kilekile anachotaka awe nacho.

Na kama mtoaji anaona kabisa kwamba hawezi kuachia, Kiswahili hakikumnyima maneno. Upo mkopo, upo uazima, ipo amana. Amana ni neno la heshima. Mtu anaweza kusema, "Ninakukabidhi kompyuta hii kwa miaka mitatu ya chuo, ni mali yangu, uitunze." Hakuna ubaya wowote, na anayekabidhiwa anajua anasimama wapi. Kwa mtoto wa miaka 10 hata sioni haja ya maelezo, kwani mzazi anayebaki na nywila anamtunza mtoto. Ubaya unaingia pale amana inapoitwa zawadi kwa mtu mzima wa miaka 22. Hapo mtoaji anavuna shukrani za aliyetoa huku akibaki na mamlaka ya mwenye mali. Anakula pande zote mbili za mkate.

Sasa nije kwenye kupa, kitenzi kisichosimama bila mpokeaji. Mtu anaweza kutuma kwa uaminifu wote, akatoa kwa moyo wote, na bado asimpe mtu kitu. Jirani yetu nyumbani alitumiwa birika la umeme kutoka Marekani. Lilikuwa jipya, na lilikuwa limelipiwa kila kitu. Lakini umeme wa majumbani Marekani ni wa volti 120 na wetu ni wa volti 240. Kifaa cha kupasha joto kilichotengenezewa volti 120 kikichomekwa kwenye 240 hakivuti nguvu mara 2, bali mara 4, kwa kuwa nguvu hupanda kwa mraba wa volti. Birika lile halikumaliza kuchemsha maji ya kwanza. Wakati huohuo, chaja nyingi za simu na kompyuta zimeandikwa kwa herufi ndogo sana kwamba zinafanya kazi kuanzia volti 100 hadi 240, na zinachohitaji ni plagi ya kubadilishia tu. Tofauti ya vifaa hivi viwili imo katika herufi ambazo mtu huzisoma kwa kukikaribisha kitu machoni. Kuzisoma herufi hizo ni tendo la upendo, ingawa hakuna anayelihesabu hivyo.

Mifano ni mingi. Simu nyingi zinazouzwa Marekani kwa malipo ya awamu hufungwa kwenye mtandao wa kampuni iliyoziuza, nazo zikifika huku hazipokei laini zetu mpaka zifunguliwe. Simu bandia iliyonunuliwa kwa bei ya kutupa inaweza kufa ghafla, kama ilivyokuwa kwa jirani zetu wa Tanzania mwezi Juni 2016, Mamlaka ya Mawasiliano ilipozizima simu bandia zote nchini. Katika kila mfano, mtoaji alimfikiria mpokeaji kwa ujumla, yaani "ndugu yangu aliye nyumbani". Hakufikiria soketi yake, laini yake, wala kazi yake.

Jambo hili si geni. Seneca, mwanafalsafa Mroma wa karne ya kwanza, aliandika kitabu kizima, De Beneficiis, juu ya kufadhili na kufadhiliwa. Humo anashikilia kwamba fadhila haimo katika kitu chenyewe bali katika nia ya anayekitoa. Lakini huyohuyo Seneca anatuonya tusitoe kisichofaa wakati na mtu, kwa mfano kumpelekea mtu nguo za baridi wakati wa joto kali. Wengine wataona anajipinga. Mimi naona hajipingi. Nia njema isiyojishughulisha kujua hali ya anayepewa bado haijawa nia juu ya mtu huyo. Ni nia juu ya nafsi ya mtoaji, kwamba aonekane ametoa. Birika la volti 120 ndilo koti la sufi la wakati wa joto.

Hapa Kiswahili kinatuonyesha jambo jingine. Neno "wanatupa" lina maana mbili. Linaweza kuwa wanatupatia, na linaweza kuwa wanatupilia mbali. Maskio hayawezi kutofautisha, ni muktadha tu unaoamua. Ulimwengu umelitambua tatizo hili kwa kiwango cha makontena: Mkataba wa Basel wa mwaka 1989 unadhibiti usafirishaji wa taka za hatari kutoka nchi hadi nchi, na tangu 1 Januari 2025 taka zote za kielektroniki, za hatari na zisizo za hatari, ziko chini ya masharti ya kuomba kwanza idhini ya nchi inayopokea. Kifurushi cha ndugu hakipimwi kwa mkataba huo, lakini swali la maadili ni lilelile. Anayetuma kompyuta ya zamani ajiulize: kama nisingekuwa na ndugu Kampala, kitu hiki ningekiweka wapi? Kama jibu ni jalalani, basi ndugu amewekwa mahali pa jalala.

Sisemi kwamba kitu kilichotumika ni kibaya. Kompyuta yangu ilikuwa imetumika miaka kadhaa kabla ya kunifikia. Lakini kabla hajaituma mjomba alinipigia simu kuniuliza nasoma nini na nahitaji programu zipi. Aliipeleka kwa fundi ikabadilishwa betri, akaifuta vitu vyake vyote, akaondoa akaunti yake. Alinitumia pia pesa za kulipia kodi. Ilipofika niliiwasha, ikaniuliza jina langu. Haikuwa mpya, na haikuwa ya bei kubwa. Lakini swali lile la kwanza kwenye kioo lilinionyesha kwamba nimepewa.

Sasa niijibu ile lawama. Naona msomaji akiniambia: wewe uliyepewa unapata wapi ujasiri wa kumpimia mtoaji? Wahenga si walisema kutoa ni moyo, usambe ni utajiri? Methali hiyo naipenda, na ndiyo maana sitaki itumike vibaya. Ilisemwa kumlinda maskini anayetoa kidogo, ili asidharauliwe na wenye vingi. Haikusemwa ili kumpa ruhusa mtoaji asisome, asiulize, adanganye kwenye fomu au abaki na ufunguo. Tena tukiitazama vizuri, inatudai zaidi. Kama kutoa ni moyo, basi pesa peke yake hazitoshi, na mwenye dola 300 anaulizwa kitu kilekile anachoulizwa mwenye dola 30: umemfikiria huyu mtu?

Na wajibu si wa upande mmoja. Kitenzi kupa kinambeba mpokeaji ndani yake, kwa hiyo mpokeaji naye ana kazi. Ya kwanza ni kusema kweli juu ya haja yake. Anayehitaji chaja akaomba simu ya kifahari, kwa kuwa tu mtu wa kyeyo "ana pesa", amemgeuza ndugu kuwa duka. Ya pili ni kusema kweli zawadi isipofaa. Nyumba zetu nyingi zina kabati la vitu vya ng'ambo visivyofanya kazi, ambavyo hufutwa vumbi kila Jumamosi na kupigwa picha za kumtumia mtoaji. Tunaita adabu. Lakini mtoaji aliyefichwa ukweli atatuma birika la pili, kwa jasho lilelile. Heshima ni kumwambia, "Ahsante sana, kaka. Limeungua kwa sababu ya umeme wetu. Usitume jingine, hapa yanauzwa." Maneno hayo yanaumiza kidogo leo na kuokoa mshahara wa wiki nzima kesho.

Kwa hiyo jibu langu kwa swali nililoanza nalo ni hili. Zawadi ya kielektroniki haikamiliki posta wala haikamiliki uwanja wa ndege. Kutuma kunakamilika pale gharama na ukweli wa safari vimebebwa na aliyeamua kutuma. Kutoa kunakamilika pale mtoaji asipoweza tena kukifunga kitu kile hata akikasirika. Kupa kunakamilika pale mpokeaji anapoweza kukitumia, kukitengeneza, kukigawa au hata kukiuza kama chake, katika nyumba yake na kwa umeme wake.

Watu wa kyeyo wataendelea kututumia vitu, na sisi tutakaohitimu karibuni huenda tukawa watumaji wa kesho. Umbali utakuwa uleule na vifaa vitazidi kuwa na macho na makufuli. Ndiyo maana naona inafaa tuliamue jambo hili tukiwa bado wapokeaji, kabla hatujashika nywila za wengine. Siku mtu akituuliza ile simu uliyomtumia mdogo wako ni ya nani, tuweze kujibu bila kusita: "Muulize mwenyewe. Mimi nilishampa."